Uzoefu wageuka mtaji katika futiboli ya vyuo vikuu Marekani

Fainali mbili za ubingwa wa futiboli ya vyuo vikuu Marekani, ya msimu wa 2024 na ya msimu wa 2025, zilichezwa na makwotabeki wanne waliolelewa kwingine. Will Howard alitoka Kansas State akaipa Ohio State taji mbele ya Notre Dame, iliyoongozwa na Riley Leonard kutoka Duke. Mwaka uliofuata Fernando Mendoza, aliyetoka chuo cha California, aliiongoza Indiana kuishinda Miami ya Carson Beck, aliyehamia huko kutoka Georgia. Kwotabeki ndiye anayepanga na kuanzisha mashambulizi, na nafasi hiyo nyeti vyuo vikubwa sasa vinamkabidhi mtu aliyekwisha kupikwa.

Kwa miongo mingi soko hili lilianzia sekondari. Makocha walizunguka majimbo wakibisha hodi kwa wazazi na kuahidi ufadhili wa masomo. Tovuti kama 247Sports na Rivals ziliwapanga vijana kwa nyota, walio bora kabisa wakipewa tano. Kila chuo cha daraja la juu kiliruhusiwa kufadhili wachezaji 85. Mchambuzi Bud Elliott alionyesha kwamba mabingwa walikuwa vyuo ambavyo zaidi ya nusu ya vijana viliowasajili walikuwa na nyota nne au tano. Alabama, Georgia na Ohio State zilisajili vizuri, zikasubiri miaka miwili mitatu, kisha zikavuna.

Sheria zilivyobadili soko

Oktoba 2018 lilifunguliwa lango la uhamisho, mfumo wa mtandaoni ambamo mchezaji hutangaza kwamba anataka kuondoka. Mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, na Julai mwaka huohuo akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha maridhiano ya kesi iliyoitwa House, yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo, kwa michezo yote, na kikosi cha futiboli kikawekewa ukomo wa wachezaji 105.

Katika soko hili jipya chuo kinaajiri kama kampuni. Stanford ilimpa Andrew Luck, kwotabeki wake wa zamani, kazi ya umeneja mkuu wa futiboli, na vyuo vingine vimeunda nafasi kama hiyo. Swali la kila msimu ni moja: ni nani wa kubakizwa, ni nani wa kununuliwa, na ni kijana gani wa sekondari wa kusubiriwa?

Waliojibu vizuri

Jibu la Indiana limevunja mazoea yote. Chuo hicho kilishinda mechi 3 tu kati ya 12 mwaka 2023. Kocha Curt Cignetti alipoajiriwa kutoka chuo cha James Madison, wachezaji 13 walimfuata. Hawakuwa na nyota nyingi, lakini walikuwa wamekomaa na walijua mbinu zake kabla ya mazoezi ya kwanza. Indiana ilishinda mechi 11 mwaka 2024. Msimu wa 2025 ilishinda zote 16, na waliotoka James Madison, wakiwemo Aiden Fisher na Elijah Sarratt, walikuwa bado nguzo za kikosi.

Ohio State ilifika kwa njia nyingine. Mkurugenzi wake wa michezo, Ross Bjork, alisema kikosi cha 2024 kiligharimu takriban dola milioni 20. Sehemu kubwa ya thamani hiyo ilikuwa katika kuwabakiza wakongwe kama Jack Sawyer, JT Tuimoloau na Emeka Egbuka, ambao wangeweza kwenda kwenye ligi ya kulipwa mwaka mmoja mapema.

Waliojikwaa

Florida State ilimaliza 2023 na ushindi 13 na kipigo kimoja, kisha wachezaji wake 10 wakachaguliwa na timu za ligi ya kulipwa. Iliziba mapengo kwa wageni wengi kutoka lango la uhamisho, na mwaka 2024 ikashinda mechi 2 tu. Uzoefu ulikuwepo, ila ulikuwa wa watu wasiojuana.

Lakini kujuana peke yake hakutoshi. Penn State na Clemson ziliuanza msimu wa 2025 zikiwa na wakongwe wengi na matumaini ya ubingwa. Penn State ilimfukuza kocha James Franklin katikati ya Oktoba, na Clemson ikamaliza na ushindi 7. Uzoefu huzaa matunda pale unapokutana na kocha anayejua la kuufanyia.

Anayelipa gharama

Bei ya mabadiliko haya inawaangukia wawili. Wa kwanza ni kijana wa miaka 18 mwenye nyota tatu, ambaye nafasi yake sasa inapewa mtu wa miaka 23. Wa pili ni chuo kidogo. James Madison ilijijenga upya hadi ikafika hatua ya mtoano ya timu 12 mwaka 2025, na kocha wake, Bob Chesney, akachukuliwa na UCLA. Katika soka, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Futiboli ya vyuo haina utaratibu kama huo, na chuo kilicholea hubaki mikono mitupu.

Huo ni udhalimu unaoweza kurekebishwa. Mkataba wa ESPN wa kurusha mechi za mtoano, unaoanza msimu wa 2026, una thamani ya dola bilioni 7.8 kwa miaka sita. Fungu dogo la fedha hizo lingetosha kuanzisha fidia ya malezi, bila kumnyima mchezaji haki ya kuhama wala malipo yake. Vyuo vikubwa vina sababu yavyo vyenyewe ya kuiunga mkono: vinachokinunua kwa bei ghali kila Januari ni kazi ya miaka mitatu iliyofanywa na vyuo vidogo, na vikichoka kuifanya, hakutakuwa na wazoefu wa kununua.