Soko la Belfast lililokataa kubomolewa

YA KALE ni dhahabu, husema wahenga. Lakini, msomaji mpendwa, dhahabu hiyo ina gharama ya kuitunza, na si kila mji ulio radhi kuilipa. Leo hebu tuutazame mji mmoja uliokubali: Belfast, jiji kuu la Ireland ya Kaskazini, na soko lake la St George's.

Jina la Belfast huenda umelisikia kwa ajili ya Titanic, meli iliyoundwa huko na kuzama mwaka 1912. Hata kabla ya meli hiyo, mji huo ulikuwa umekwisha kutajirika kwa viwanda vya kitani na uundaji wa meli, na mwaka 1888 ulipandishwa hadhi ukawa jiji chini ya Malkia Victoria. Wakazi waliongezeka, na matumbo yao yalihitaji chakula.

Soko la Ijumaa lilikuwa mila ya Belfast tangu 1604. Hapo St George's palikuwa na soko la wazi, pamoja na kichinjio. Kati ya 1890 na 1896, jiji likajenga jumba la matofali mekundu lililochorwa na J. C. Bretland, likawa makao ya wauzaji wa siagi, mayai, kuku na matunda.

Usidhani nguzo zake za chuma na paa lake la vioo vilikuwa urembo tu. La hasha! Nguzo nyembamba za chuma hubeba paa pana pasipo kuta za katikati, hivyo meza hupangwa kwa uhuru. Nao mwangaza wa mchana ukipenya vioo, mnunuzi humtazama samaki jichoni kabla hajatoa pesa.

Kisha yakaja masaibu. Usiku wa Aprili 15, 1941, ndege za Ujerumani zililipua Belfast na kuua watu wapatao 900. Vyumba vya maiti havikutosha, na miili 255 ikalazwa katika soko hilo. Jamaa walipita baina ya safu wakiwatafuta wapendwa wao. Katika jiji lililogawanyika kwa dini, hata maiti wasiotambuliwa iliwabidi wapewe upande: waliokutwa na rozari walihesabiwa kuwa Wakatoliki wakazikwa Milltown, na wengine wakapelekwa makaburi ya jiji. Chini ya paa lile, hata hivyo, wote walikuwa wamelala pamoja.

Vita vilikwisha, biashara ikarejea. Lakini kufikia miaka ya 1980, gharama za kulitengeneza jumba zilikuwa zimepanda na masharti ya usafi yamekuwa makali zaidi. Wanunuzi nao walikuwa na maduka makubwa ya kisasa. Masoko mengine ya Belfast ya enzi hiyo yenye paa yalitoweka, likabaki hilo moja. Je, libomolewe au litunzwe?

Jiji liliamua kulitunza. Ukarabati ulianza 1997, na mwaka 1999 milango ikafunguliwa tena. Siri ya mafanikio ni kwamba jumba halikugeuzwa makumbusho. Kila siku ilipewa kazi yake: Ijumaa ni soko la mchanganyiko, ambapo wauza samaki ni mashuhuri; Jumamosi na Jumapili ni vyakula, kazi za mikono na muziki. Mama anayetafuta samaki wa kitoweo na mtalii mwenye kamera hupishana kwenye njia ile ile.

Hapo ndipo penye funzo. Kuta peke yake haziokoi soko, kwa maana jumba lisilo na mchuuzi ni ghala tupu. Nao wachuuzi hawawezi kudumu ikiwa paa linavuja na mwenye jumba haoni haja ya kuliziba. Belfast ilishika yote mawili.

Wewe mwanafunzi, utakapopita Marikiti kule Mombasa, jina lililotokana na neno la Kiingereza la soko, au City Market jijini Nairobi, inua macho kidogo utazame paa. Kisha muulize mchuuzi mzee ameyaona yapi chini yake. Huenda ukagundua kwamba historia ya mji wako haimo vitabuni tu. Imo pia baina ya mafungu ya mboga.