Bramley, Tofaa la Kupikia la Waingereza

Waingereza huyagawanya matofaa yao katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni matofaa ya kuliwa mabichi, ambayo ni matamu na mazuri kwa kutazama. Fungu la pili ni matofaa ya kupikia. Haya huwa makubwa, ya rangi ya kijani, na ukali wake humkunja uso mtu anayeyauma. Lakini yakitiwa motoni pamoja na sukari kidogo, hugeuka kuwa chakula kinachopendwa na wakubwa kwa wadogo. Lililo mashuhuri kuliko yote katika fungu hilo la pili ni tofaa liitwalo Bramley, ambalo limepandwa katika bustani za nyumbani kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

Yafaa ielezwe mapema kwamba tunda hili si lile ambalo wenyeji wa pwani wamelizoea kwa jina la tofaa, lenye maji mengi na ambalo mti wake hustawi penye joto. Tofaa linaloelezwa hapa ni tunda la nchi za baridi.

ASILI YAKE

Mnamo mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell, jimbo la Nottinghamshire, msichana mmoja aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tofaa. Mche mmoja ulishika na kukua katika bustani ya nyumba yao. Mwaka 1846 nyumba hiyo ilinunuliwa na muuza nyama, Bwana Matthew Bramley, na mti ukawa mali yake.

Miaka kumi baadaye, yaani mwaka 1856, kijana wa miaka kumi na saba aitwaye Henry Merryweather, ambaye jamaa zake walikuwa wauzaji wa miche, aliyaona matunda ya mti ule akastaajabu. Akaomba ruhusa ya kukata vitawi ili apate kuzalisha miche. Bwana Bramley akakubali kwa sharti moja, kwamba tunda lazima liitwe kwa jina lake. Katika daftari la Merryweather, mauzo ya kwanza yaliandikwa tarehe 31 Oktoba, 1862: matofaa matatu kwa shilingi mbili. Mwaka 1876 tunda hilo lilipelekwa mbele ya Chama cha Kifalme cha Ukulima wa Bustani, likasifiwa sana.

Hivyo jina lililobaki ni la mwenye nyumba. Mary Ann Brailsford, ambaye mkono wake ndio uliofukia mbegu, alifariki mwaka 1852, kabla ya tunda lake kupata sifa yoyote.

KWA NINI MBEGU HAITOSHI

Huenda mtu akauliza: kwa nini Merryweather hakuomba mbegu tu? Jibu ni kwamba mbegu ya tofaa ina wazazi wawili kama alivyo mtoto wa binadamu. Mbegu zilizomo katika tunda moja hutoa miti isiyofanana na mama yao, wala haifanani yenyewe kwa yenyewe, na mingi katika miti hiyo huzaa matunda yasiyo na faida kubwa. Mbegu ya mwaka 1809 ilikuwa bahati, na bahati ya namna hiyo haina ahadi ya kurudi.

Njia ya kuihifadhi ni kupandikiza. Kitawi cha mti mzuri hukatwa, kikaunganishwa na shina la mche mwingine wenye mizizi, na mahali pa kiungo pakafungwa barabara mpaka pashikane. Mizizi huwa ya mche ule, lakini matawi na matunda yote huwa ya mti uliotoa kitawi. Kwa hiyo kila mti wa Bramley ulioko duniani, kwa kweli, ni sehemu ya mti ule mmoja wa Southwell. Mwaka 1884 miche yake ilifikishwa Armagh, kaskazini mwa Ireland, na huko ukulima wake ulistawi hata mwaka 2012 Umoja wa Ulaya ukaliandikisha jina la tofaa la Bramley la Armagh ili lilindwe kisheria.

KUUPANDA NYUMBANI

Huko Uingereza mche hupandwa katika miezi ya baridi, tangu Novemba mpaka Machi, wakati mti umepukutisha majani na kulala. Bramley ni mti wenye nguvu nyingi, na ukiachwa juu ya mizizi mikubwa hutanda hata kuijaza bustani ndogo. Kwa sababu hiyo mwenye kiwanja kidogo hununua mche uliopandikizwa juu ya shina la kimo kifupi, kama yale yaliyochaguliwa na wataalamu wa kituo cha East Malling katika jimbo la Kent. Hapana budi kiungo cha kupandikiza kibaki juu ya udongo. Kikifukiwa, kitawi huota mizizi yake chenyewe na ufupi uliokusudiwa hupotea.

Jambo la pili ni jirani zake. Mitofaa mingi huhitaji chavua, yaani unga wa maua, kutoka kwa mtofaa wa aina nyingine. Bramley huhitaji chavua hiyo, lakini chavua yake yenyewe haifai kitu kwa wengine. Kwa hiyo mtu akipanda Bramley na mti mmoja wa pili, Bramley itazaa na ule wa pili utabaki bila msaada. Ndiyo maana hushauriwa kupanda miti mingine miwili ya aina mbalimbali inayochanua wakati mmoja nayo. Penye bustani nyingi, nyuki huifanya kazi hiyo kwa kutumia miti ya majirani.

Katika kupogoa pia yapasa kuwa na uangalifu. Baadhi ya matunda ya Bramley hutokea kwenye ncha za vitawi. Mtu akizikata ncha zote ili mti upendeze, amejinyima mavuno ya mwaka unaofuata. Hukatwa matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana, na katikati hufunguliwa ili mwanga na hewa vipite.

KUYAVUNA NA KUYAWEKA

Matofaa haya huwa tayari kuvunwa mwezi wa Oktoba. Tunda huinuliwa kwa kiganja na kuzungushwa kidogo, na likiwa tayari huachia kikonyo bila kuvutwa kwa nguvu. Yaliyoanguka au kuchubuka hupikwa kwanza, kwa maana tunda moja bovu huambukiza mengine.

Mazima huviringishwa moja moja katika karatasi ya gazeti, yakapangwa safu moja ndani ya sanduku na kuwekwa mahali pa baridi, penye giza na hewa ya kutosha. Yakitunzwa hivyo huweza kukaa miezi kadhaa. Katika siku ambazo hapakuwa na majokofu majumbani, hii ilikuwa neema kubwa, kwa kuwa jamaa walipata matunda katikati ya baridi kali wakati bustani haikuwa na kitu.

KUYAPIKA

Ukali wa Bramley watokana na asidi nyingi iliyomo ndani yake, na asidi hiyo haipotei jikoni. Matofaa matamu yakipikwa hubaki vipande, na ladha yake huwa hafifu. Bramley huvurugika mara moja ikawa laini kama povu, na ladha yake hubaki.

Kupika rojo yake ni rahisi. Nusu kilo ya matofaa humenywa, hutolewa kokwa na kukatwa vipande, kisha hutiwa katika sufuria pamoja na maji vijiko viwili vikubwa. Hufunikwa na kupikwa kwa moto mdogo kwa muda wa dakika kumi hivi, na mwisho hutiwa sukari kwa kiasi apendacho mlaji. Vipande vikikaa wazi hugeuka rangi ya udongo, kwa hiyo mpishi huvitia katika maji yenye ndimu wakati anapomenya. Rojo hiyo huliwa pamoja na nyama ya nguruwe ya kuoka, kwa sababu ukali wake hukata mafuta.

Njia nyingine ni kuoka tofaa zima. Kokwa hutolewa, shimo likajazwa zabibu kavu, sukari na siagi, na ngozi huchanjwa kuzunguka kiuno cha tunda ili lisipasuke. Lakini chakula kinachotajwa zaidi ni pai, ambayo wapishi wengi huitia karafuu mbili tatu. Kwa miaka mingi karafuu nyingi za dunia zilitoka Unguja na Pemba. Hivyo tunda la bustani ya Southwell na kiungo cha visiwani vilikutana katika chungu kimoja.

MTI MAMA

Yapata mwaka 1900 dhoruba iliuangusha mti wa Southwell, lakini haukufa, bali uliota upya kutoka pale ulipolala. Baadaye uliingiliwa na kuvu la mizizi, ugonjwa usiokuwa na dawa. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichukua sehemu ndogo za mti huo na kuzikuza katika chupa mpaka zikawa miche kamili, ili mti wenyewe ukiondoka, uzao wake halisi usipotee.

FAIDA KWA MKULIMA WA KENYA

Bramley haiwezi kutazamiwa kustawi vyema katika nchi hii. Mtofaa wa namna yake huhitaji mamia ya saa za baridi kali kila mwaka ili uamke na kuchanua kwa pamoja, na hata Limuru na Molo hazina baridi ya kadiri hiyo. Wakulima wa nyanda za juu wanaopenda matofaa hupanda aina zisizohitaji baridi nyingi, kama vile Anna, iliyopatikana Israeli.

Lakini somo lake lahusu matunda ya hapa pia. Parachichi la Hass, ambalo Kenya huliuza kwa wingi ng'ambo, lilitokana na mche mmoja uliopandwa California katika miaka ya 1920 na Bwana Rudolph Hass. Mti ule ulikufa kwa ugonjwa wa mizizi mwaka 2002, na hakuna mkulima wa Murang'a aliyepungukiwa hata tunda moja, kwa kuwa vitawi vyake vilikuwa vimekwisha kupandikizwa zamani. Mwenye mwembe au mparachichi wa kienyeji unaozaa vizuri kupita mingine asiungoje uzee wake. Na akate vitawi na kuvipandikiza sasa, mti ukiwa ungali na nguvu.