Vinara wa Kuwasha na Kuzima

Hakuna kifaa kilichotengenezwa kwa wingi kama mosfeti, transista iliyobuniwa na Mohamed Atalla wa Misri na Dawon Kahng wa Korea walipokuwa Bell Labs, Marekani, mwaka 1959. Nyingi ni ndogo mno, zimejazana ndani ya simu. Ninazozitaka hapa ni zile za miraba minne, zinazowasha na kuzima umeme mkubwa kwenye inveta za sola na magari ya umeme.

Adui yao mkubwa ni katikati. Chukua mzigo unaokula ampea 50 kwenye betri ya volti 12. Mosfeti ikiwaka kikamilifu, na ukinzani wake ukiwa omu 0.001, inapoteza wati 2.5 tu, hata feni haihitaji. Ikizimwa, hasara ni kama hakuna. Lakini iwake nusunusu, ibakiwe na volti 6 huku ampea 25 zikipita: hizo ni wati 150, zote joto. Kwa hiyo fundi anayekuta mosfeti imepiga shoti, akaweka mpya bila kupima kama volti za geti, mguu unaoiwasha, zinatosha, atarudishiwa inveta ileile.

Kila kuwasha na kuzima lazima kupitie hapo katikati, basi mshindi ni anayepita upesi. Kwa mbio, transista za galiamu naitraidi zinaziacha za silikoni mbali: mamilioni ya mizunguko kwa sekunde, na ndiyo maana chaja ya wati 65 siku hizi inaenea kiganjani. Silikoni kabaidi nayo iliingia kwenye inveta ya Tesla Model 3 mwaka 2017, gari la kwanza la kuuzwa kwa wingi kufanya hivyo.

Kwa umbali, Namibia inastahili sifa. Laini yake ya umeme wa mkondo mnyoofu ya Caprivi, ya mwaka 2010, husafirisha megawati 300 kwa kilomita zipatazo 950, na swichi zinazougeuza umeme huo ni transista kweli. Kongo ilikuwa na laini ndefu zaidi duniani miaka ya 1980, kilomita 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, ila hiyo ni ya thairista: ukishaiwasha, geti halina tena uwezo wa kuizima, mpaka mkondo wenyewe uishe. Na binamu huyo mkaidi ndiye bado bingwa wa uzito. Kule China, kati ya Changji na Guquan, anabeba megawati 12,000 kwa volti milioni 1.1.