Lupita na sauti aliyokaribia kuipoteza

UKIMTAJA Lupita Nyong'o, wengi wetu tunakumbuka ile Oscar ya 2014 aliyoshinda kwa filamu ya 12 Years a Slave. Wengine wataruka moja kwa moja hadi Black Panther. Lakini mwaka wa 2025 dada yetu alifanya kitu tofauti: alipanda jukwaani New York na kuongea Kiswahili mbele ya Wamarekani.

Ilikuwa katika Delacorte, ukumbi usio na paa ulio ndani ya Central Park, uliofunguliwa tena Agosti baada ya ukarabati. Tikiti huko ni za bure, kwa hivyo watu hupiga foleni mapema wakiomba wasikose. Mchezo ulikuwa Twelfth Night wake Shakespeare. Lupita aliigiza Viola, msichana ambaye meli yake inazama, anajipata nchi ya ugenini na kuamini kwamba pacha wake amekufa maji. Ili awe salama, anavaa nguo za kiume na kutafuta kazi kwa mtawala wa huko.

Pacha huyo, Sebastian, aliigizwa na Junior Nyong'o, ndugu yake Lupita wa toka nitoke. Mwelekezi, Saheem Ali, naye ni mtoto wa Nairobi. Mikononi mwao, Viola na Sebastian wakawa wageni wenye lugha yao, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Shakespeare aliandika kuhusu watu waliopotea ugenini. Hawa watatu walijua ugenini ni nini.

Hapo ndipo stori inanoga, kwa sababu sauti hiyo nusura ifichwe kabisa.

Lupita amesimulia kwamba alipokuwa akisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Yale, alijitahidi aongee kama Mmarekani ili apate kazi. Baadaye aliamua kurudia lafudhi yake. Haikuwa rahisi. Alikuwa ameizoea ile ya kuazima kiasi kwamba hakujua tena yake inasikika vipi, na kuna wakati alilia. Mwaka wa 2024 alianzisha podikasti yake, Mind Your Own, na suala hilo la lafudhi ni kati ya mambo aliyoanza nayo.

Sasa fikiria sisi. Tangu shule ya msingi tumechekwa kwa kushrabu. Tukifika mbele ya maikrofoni, wengi tunaanza kutweng' kama watu waliozaliwa Atlanta, na ukweli ni kwamba hatujawahi kupita Mlolongo.

Jukwaa si mahali pekee Lupita anapoitumia sauti hiyo. Mwaka wa 2019 alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana aliye mweusi kuliko kila mtu katika familia yake. Sulwe ni nyota kwa Kijaluo. Toleo la sauti la kitabu hicho amelisoma yeye mwenyewe. Mwaka huo huo alisimulia Serengeti, makala ya televisheni kuhusu wanyama wa mbuga hiyo. Mwaka wa 2021 akawa Julieta katika Romeo y Julieta, mchezo wa kusikiliza wa Kiingereza na Kihispania, tena chini ya Saheem Ali. Mduara ulikuwa umefunga: akiwa na miaka 14, alikuwa ameigiza Juliet hapa Nairobi na kundi la Phoenix Players.

Usidhani kusoma kitabu cha sauti ni kukaa tu na kusoma. Jukwaani una mikono, macho, nguo na taa. Studioni una sauti peke yake. Ukigeuza karatasi, inasikika. Ukikosa kula asubuhi na tumbo lingurume, maikrofoni inalisema na unarudia sentensi. Lazima msikilizaji atofautishe mama na bintiye bila wewe kumwambia nani anaongea, na ukurasa wa mwisho uwe na nguvu sawa na wa kwanza.

Na sauti huchoka kama goti la mchezaji. Baada ya kurekodi sauti ya roboti Roz katika filamu ya The Wild Robot ya 2024, Lupita alisema alipata uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na ikambidi akae kimya miezi 3. Hebu waza mwigizaji asiyeruhusiwa kuongea!

Kwa msanii chipukizi anayengoja kuitwa na runinga, kuna kazi ya kuanza leo. Chagua kurasa 2 za hadithi ya Kiswahili unayoipenda. Jifungie chumbani usiku magari yakishatulia, tundika blanketi ili mwangwi upungue, kisha rekodi kwa simu. Jisikilize bila huruma: unameza maneno wapi, unakimbia wapi, na ni wapi umeacha kuwa wewe. Rudia. Ukitaka kuweka rekodi hiyo mtandaoni, pata kwanza ruhusa ya mwandishi.

Pengine rekodi ya kwanza utaona aibu kuisikiliza. Isikilize tu. Lafudhi ya Kayole, Kisumu au Kisauni iliyomo humo ndiyo ile ambayo Lupita ilimlazimu aitafute upya.