Nusu ya Lenzi

Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, Mmarekani Ansel Adams alikuwa akipita kwa gari katika jimbo la New Mexico alipouona mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, na misalaba ya makaburini iking'aa kwa nuru ya mwisho ya jua. Alisimama ghafula, akawapigia kelele wenzake wamletee vyombo. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya filamu bapa ya inchi 8 kwa 10. Lenzi yake ya Cooke iliundwa ifunguliwe: ikiwa nzima fokasi yake ilikuwa yapata inchi 12, lakini sehemu yake moja peke yake ilifika inchi 23. Akaichagua hiyo ya 23, naye akihangaika kuifunga huku jua likimkimbia.

Kipima mwanga hakikuonekana. Adams aliujua kwa moyo mng'ao wa mwezi, akapiga hesabu: sekunde moja, tundu namba 32, pamoja na chujio la manjano. Alipokigeuza kishikio cha filamu apige ya pili, jua lilikwisha iacha misalaba. Ikabaki picha moja tu.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tulifunzwa kwamba lenzi haifunguliwi. Ziko, hata hivyo, zilizoundwa kwa ajili hiyo. Symmar ya zamani ya milimita 150, ikitolewa kioo cha mbele, huwa ya milimita 265, na tundu lake kubwa hushuka kutoka 5.6 hadi 12. Watengenezaji waliiandikia namba za kijani kwa matumizi hayo. Mvukuto wa kamera sharti uvutwe mbali zaidi.

Hasara ipo. Makosa ya kioo cha mbele na ya nyuma hufutana. Ukiondoa kimoja, mistari iliyonyoka hupinda na kingo za picha hulegea. Dawa yake ni kulifinya tundu hadi 22 au 32. Tena fokasi huhama tundu lifinywapo, basi tuilenge picha likiwa limekwisha finywa, ijapokuwa kioo cha kutazamia kitakuwa giza. Kitambaa cheusi kichwani husaidia.

Kwa daraja la mbali lisilokaribika, nusu yatufaa. Picha ya ajali itakayopimwa mahakamani na ipigwe kwa lenzi nzima, kwani wakili hodari ataanza na ule mstari uliopinda.