Mchele wa Mwea na Hesabu ya Kaboni ya Kenya

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, kila nchi mwanachama hutakiwa kutoa taarifa ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani, zilizotoka ndani ya mipaka yake. Mji wa Kutus katika Kaunti ya Kirinyaga, wenye kahawa na majani chai upande wa juu kuelekea Mlima Kenya, na uwanda wa mpunga wa Mwea upande wa chini, unaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyopotosha pale bidhaa zinapovuka mipaka.

Mpunga unapolimwa katika mashamba yaliyofurika maji, udongo hukosa oksijeni, na vijidudu vinavyoozesha mabaki ya mimea humo huzalisha methani, gesi ambayo tani yake moja, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100, hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya kaboni dayoksaidi. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya mchele wake, na Pakistan imekuwa miongoni mwa wauzaji wakuu, kwa hiyo methani ya mchele huo huandikwa katika hesabu ya Pakistan, ilhali moshi wa meli iliyoufikisha Mombasa hauingii katika jumla ya nchi yoyote, kwa kuwa mafuta ya safari za kimataifa za baharini na angani huripotiwa kando. Bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022, lilijengwa ili Mwea ipanue mashamba na kuvuna zaidi ya msimu mmoja kwa mwaka; basi chakula kilekile, kikiliwa na watu walewale, kikitoka Mwea badala ya ng'ambo huongeza unyayo rasmi wa kaboni wa Kenya, yaani jumla ya gesijoto inazohesabiwa, hata kama anga haikuongezewa chochote. Kuliita ongezeko hilo uharibifu ni kosa, na ni kosa kubwa zaidi kuisifu nchi iliyopunguza takwimu zake kwa kuwaachia wengine viwanda na mashamba.

Ndiyo maana wataalamu hutumia pia hesabu ya matumizi, ambayo huondoa gesi zilizotokana na bidhaa zinazouzwa nje na kuongeza zile za bidhaa zinazoagizwa. Kwa Kenya, ambayo umeme wake mwingi hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo, sehemu ya unyayo unaopatikana kwa hesabu hiyo imo katika bidhaa za nje: chuma, mbolea ya viwandani, na hata gari la Probox linalobeba abiria kati ya Kutus na Kerugoya, ambalo gesi za kuliunda zilihesabiwa Japani, ingawa petroli linayochoma huhesabiwa Kenya.

Mishiri, yaani maharagwe mabichi ya maganda, inayosafirishwa Ulaya kwa ndege huleta swali gumu zaidi. Mwaka 2007 baadhi ya maduka makubwa ya Uingereza yalianza kubandika alama ya ndege kwenye mazao ya namna hiyo, na ni kweli kwamba safari ya angani hutoa gesi nyingi mno kwa kila kilo. Lakini alama hiyo haikumweleza mnunuzi lolote kuhusu zao linalokuzwa Ulaya majira ya baridi ndani ya vibanda vinavyopashwa joto kwa gesi asilia.

Huko Mwea, kilimo shadidi cha mpunga kilichoanza kuenezwa mwaka 2009 huruhusu shamba likauke kwa vipindi kabla ya kumwagiliwa tena, hivyo hewa hupenya udongoni, methani hupungua na maji huokolewa. Kaunti ya Kirinyaga na Mamlaka ya Kitaifa ya Unyunyiziaji zinapaswa kupima methani ya mashamba hayo na kuitangaza kwa kila kilo ya mchele, sambamba na ile ya mchele unaoagizwa, ili mkulima anayepunguza gesi hizo ahukumiwe kwa ulinganisho wa haki.