Muamala, kufuli na ukomo: udhibiti wa mwingiliano katika hifadhidata za wakati halisi

Neno muamala (wingi: miamala), lenye asili ya Kiarabu, limezoeleka zaidi katika shughuli za fedha. Katika taaluma ya hifadhidata humaanisha mfululizo wa hatua za kusoma na kuandika taarifa ambao ama hukamilika wote, ama huhesabiwa kuwa haukufanyika. Miamala miwili ikigusa taarifa moja kwa wakati mmoja, mmoja waweza kufuta kazi ya mwenzake. Hapo ndipo udhibiti wa mwingiliano unapohitajika. Neno sambamba halifai sana kuieleza hali hii, kwa kuwa mistari sambamba haikutani, ilhali miamala hii hukutana na hata kugongana.

Istilahi wakati halisi nayo hueleweka vibaya. Haimaanishi kasi. Humaanisha kwamba muamala una ukomo wa muda, na kwamba jibu sahihi lililochelewa hupoteza thamani. Katika kuongoza ndege au mitambo, laweza kuleta maafa.

Mwaka 1976 Eswaran, Gray, Lorie na Traiger walieleza ufungaji wa awamu mbili: muamala hukusanya makufuli, na ukishaachia moja hauruhusiwi kuchukua jingine. Usahihi hupatikana, lakini kufuli halijui nani ana haraka. Muamala muhimu waweza kuusubiri mdogo ulioshika kufuli, na huo mdogo ukasukumwa kando na shughuli za daraja la kati zisizolihitaji kufuli hilo hata kidogo. Huu huitwa mpinduko wa kipaumbele.

Ndio uliokisumbua chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua Mirihi tarehe 4 Julai 1997. Hakikuwa na hifadhidata kwa maana kamili, ila kazi zake zilishiriki data kwa kufuli. Kazi ya hali ya hewa ilishika kufuli, kazi za kati zikaizuia kuendelea, kazi muhimu ya kugawa data ikachelewa, na kompyuta ikajiwasha upya mara kadhaa. Wahandisi walituma kutoka duniani badiliko dogo lililowezesha urithi wa kipaumbele: mwenye kufuli hupandishwa hadi daraja la anayemsubiri, mpaka aliachie.

Hifadhidata ina njia ya ziada, kwani muamala waweza kutenguliwa na kuanzwa upya. Basi mdogo hutenguliwa ili mkubwa upite. Tatizo ni kwamba huo mkubwa nao waweza kuvuka ukomo wake na kutupwa, kazi ya yote miwili ikapotea bure. Kung na Robinson walikuwa wamependekeza mwaka 1981 njia ya matumaini, isiyo na makufuli: muamala hufanya kazi pembeni, kisha huhakikiwa mwishoni. Mwaka 1990 Haritsa, Carey na Livny walionyesha kwamba pale ambapo muamala uliochelewa hutupwa, njia hii yaweza kuushinda ufungaji, kwa kuwa unaotengua wengine ni ule tu uliokwisha kufika mwisho wa kazi yake.